Chuma cha Moti Hakivutwi

Marahaba, marahaba, nimewasikia. Sasa acheni kunishikamoo, mnionyeshe vidole gumba vyenu, maana kazi ninayotaka kuwasimulia inaanzia kwenye kidole gumba, na wengi wenu mmekiachia kazi ya kupandisha na kushusha simu tu.

Mimi ni Kabula. Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka kumi na mmoja huku Pasiansi, kwenye shamba la familia moja ya wafanyabiashara wa Kihindi walioishi Mwanza tangu enzi za mababu zao. Mwaka jana magoti yaligoma, nikastaafu. Watu wakisikia kwamba mwanamke wa Kisukuma alikuwa saisi, kwanza hucheka, halafu huuliza, "Kwani Mwanza kuna farasi?" Wapo. Kwetu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa dume mzee ambaye kazi yake ilikuwa kula na kujamba. Wa pili alikuwa jike mweupe aliyeitwa Moti, na huyo ndiye aliyenitia adabu.

Vijana mlioshika nafasi yangu mmeniomba niwaeleze namna ya kumvua farasi lijamu akirudi kutoka kupandwa. Lijamu ni kile chuma kinachokaa kinywani mwake, kinachoshikana na mikanda ya kichwani na hatamu. Sisi bandani tulikiita chuma, basi. Mnasema mmeangalia video zote na bado farasi anainua kichwa akiwaona. Anawaona vizuri, msimlaumu.

Mimi nilipoajiriwa sikuwa nimegusa farasi hata kwa fimbo. Nilikuwa nauza maziwa kwa Bwana Dilip, mwenye shamba, na siku moja alinikuta nimemshika puani fahali wa jirani aliyekuwa amevamia bustani yake, namrudisha kwao taratibu kama mtoto aliyechelewa shule. Akaniuliza, "Kabula, ng'ombe wanakusikia. Farasi je, utamweza?"

Nikamjibu, "Farasi ni ng'ombe asiye na pembe."

Nikikumbuka jibu hilo nataka kujificha chini ya meza.

Saisi mkuu alikuwa Mzee Magesa, Mjita, aliyejifunza kazi kwenye mashamba ya Arusha akiwa na meno yote. Nilipomjua alikuwa amebakiwa na machache, na ulimi wake ulikuwa na ugomvi wa kudumu na herufi L. Mimi aliniita Kabura mpaka siku ya mwisho. Siku yangu ya kwanza aliniambia neno moja tu: "Kabura, chuma hakivutwi. Mwache ateme mwenyewe." Nikaitikia ndiyo mzee, huku nikiwaza kwamba wazee wana maneno mengi kwa kazi ndogo.

Mwezi haujaisha, nikaharibu.

Ilikuwa mchana. Bwana Dilip amerudi kutoka kumpanda Moti kando ya ziwa, amenikabidhi hatamu, ameingia ndani kula. Mzee Magesa alikuwa amekwenda kununua dawa za kupe. Na mimi jikoni walikuwa wameniwekea ugali na sato, harufu yake inanifuata mpaka bandani. Nikafungua mkanda wa koo haraka haraka, mkanda wa kidevu nikausahau, nikashika mikanda yote juu ya kichwa nikaivuta chini kama ninavyovua kamba kwa ng'ombe. Chuma kikakwama kwenye meno ya chini. Mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikavuta zaidi.

Kikagonga meno, kwa! Moti akarusha kichwa juu, mimi nikarushwa huku, naye akatoka getini mbio, mikanda inaning'inia usoni, hatamu zinaburuta chini. Akizikanyaga, anavunja mguu. Nikamkimbilia nikimwita jina lake.

Hapa lazima niwaeleze jina lenyewe. Bwana Dilip alimwita Moti, na kwa lugha ya kwao maana yake ni lulu. Hilo nililijua baadaye. Sisi wafanyakazi wote tulisikia Moto. Tena tuliliona ni jina linalofaa kabisa, nani ampe mnyama mwenye mateke yale jina la lulu? Kwa hiyo mimi, mwanamke mzima, nikakatiza mtaa wa Pasiansi saa saba mchana nikipiga kelele, "Moto! Moto! Jamani, Moto!"

Watu wakatoka na ndoo. Mama mmoja akatoka na sufuria la maji ya mchele, mchele ukiwa ndani. Kijana akapanda ukuta ananiuliza, "Wapi, mama?"

"Amepita hapa! Ameelekea ziwani!"

Kijana akanitazama. "Moto umeelekea ziwani?"

"Ndiyo!"

"Basi mama, si utazimika wenyewe."

Nilimkuta Moti amesimama majini, maji yamefika magotini, anatetemeka. Damu kidogo ilikuwa kwenye kona ya mdomo. Nilipomwona hivyo njaa yote ilinitoka. Nikamrudisha, na Bwana Dilip alipouliza nikasema ameumwa na nyuki. Akakubali, au nilidhani amekubali. Mzee Magesa aliporudi alimfungua Moti mdomo, akachungulia, akaufunga. Akaniuliza kwa upole, "Nyuki huyo arikuwa na mikono mingapi?"

Tangu siku hiyo Moti akawa anapandwa vizuri, anakimbia vizuri, ila ukigusa mikanda ya kichwa kutaka kumvua, kichwa kinaruka juu kama kifuniko cha chungu. Wiki ya tatu Bwana Dilip akajaribu mwenyewe, kichwa kikaruka, kikampata kidevuni. Akashonwa nyuzi tatu. Akaja bandani na bandeji yake akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha, "Farasi wa kugonga watu simfugi. Akimgonga mtu mmoja zaidi, anaondoka. Kuna mtu Buhongwa anasomba mchanga kwa mikokoteni ya punda, ameshaniambia anamtaka."

Moti, na ngozi ile nyembamba, akavute mchanga Buhongwa kwa kosa langu! Sikulala vizuri kwa siku nyingi. Mwishowe nikaenda kwa Bwana Dilip nikamwambia ukweli. Akasema, "Nyuki haachi alama ya mkanda, Kabula. Nilijua. Lakini kidevu changu hakiulizi nani alimfundisha kugonga." Kwa hiyo nilibaki na kazi, na Moti akabaki na hukumu. Jambo hilo lilinichoma kuliko kufukuzwa.

Nikamwomba Mzee Magesa anifundishe upya. Akaosha chuma, akanipa. "Kiume."

"Nikiume mimi?"

"Kwani nani arikivuta?"

Basi nikasimama katikati ya banda, mama wa watoto wanne, nimeuma chuma cha farasi. Mzee Magesa akakivuta kidogo tu, kidogo kama anayegusa pazia. Jamani! Nilisikia mpaka kwenye sikio. Yule farasi dume mzee alikuwa anatutazama, na naapa alitabasamu. Kila anayeanza kazi hii ningemtaka apite hapo kwanza, lakini sasa mna mambo ya usafi na mnasema mtaambukizwa. Haya.

Naomba msifikiri kwamba baada ya hapo nilikuwa na akili. Kwa bidii ya toba nilianza kukiosha kile chuma kwa sabuni ya unga na brashi kila asubuhi, king'ae. Siku moja sikukisuuza vizuri. Moti akarudi kutoka matembezini anatoa povu jeupe mpaka kifuani. Bwana mifugo akaitwa, akaja na glovu za mikono miwili, akatuamuru tusimame mbali kwa sababu huenda ni kichaa cha mbwa. Mzee Magesa akasogea, akanusa lile povu. "Bwana," akasema, "kichaa hiki kinanukia maua." Tangu hapo ni maji matupu, na kikishaoshwa kikauke kivulini, maana chuma kikianikwa juani juu ya bati kinaunguza ulimi.

Sasa shikeni kazi yenyewe. Anza kwa kumpitishia kamba shingoni, ili chuma kikitoka usibaki na farasi asiye na kitu, ukapiga kelele za moto kama mimi. Simama upande wake wa kushoto, penye bega, mkitazama mbele wote wawili kama watu wanaosubiri kivuko. Usimkabili uso kwa uso, hujaja kumdai. Fungua mkanda wa koo, wa pua, wa kidevu. Gusa kila mmoja mara ya pili, hata kama una uhakika. Hasa kama una uhakika. Mkono wa kulia uwe juu ya utosi, upitishe mikanda sikio moja, kisha la pili, bila kuyakunja. Shusha kidogo, halafu simama.

Hapo ndipo wengi mnapoharibu, kwa sababu mikanda imeshatoka na mkono unataka kumaliza. Usishushe. Ukishusha, uzito wote unaning'inia kwenye meno. Shikilia juu, na kidole gumba cha kushoto kiingie kwenye kona ya mdomo, pale pasipo na meno, kimtekenye. Usimpanue. Atasogeza ulimi, atafikiri, atakunja pua. Halafu atafungua mdomo na kukitema, na kiganja chako kiwe chini kimeshakipokea. Kwa Moti, miezi ile ya mwanzo, kufikiri huko kulichukua muda wa kupika chai na kuinywa. Nilimsubiri hivyo kila siku. Nilikipaka chuma sukari guru niliyoiomba jikoni kwa mke wa Bwana Dilip, mpaka mpishi akaanza kuniuliza kama nina mimba.

Miaka miwili ikapita hivyo. Akawa anatema vizuri, kwangu peke yangu, bandani, kukiwa kimya. Mtu mwingine akisogea, kichwa juu.

Ndipo Nilesh, mtoto wa Bwana Dilip, akapata mchumba, binti wa Kisukuma kutoka Usagara, msomi, mcheshi, tukampenda wote. Na kwa mila ya akina Dilip, bwana harusi huja na farasi. Yule dume mzee alikuwa amechechemea mwezi mzima, nadhani kwa makusudi. Akabaki Moti. Bwana Dilip akaja bandani siku mbili kabla. "Kutakuwa na watu mia kadhaa," akasema. "Akimgonga hata mmoja, Jumatatu anakwenda Buhongwa. Sitarudia tena." Akagusa kovu la kidevuni, akaondoka. Nilipobaki peke yangu niliinamisha kichwa shingoni mwa Moti nikamwambia afadhali akanyage mguu wangu mimi.

Harusi ilikuwa alasiri, kwenye bustani kando ya ziwa. Upande mmoja ngoma za Kihindi, upande mwingine wajomba wa Usagara na ngoma zao, na katikati kwaya ya kanisani kwa akina bibi harusi, kila kundi likijitahidi lisikike. Moti alikuwa amevikwa nguo ya nyuzi za dhahabu na maua shingoni. Akatembea katikati ya kelele zile kwa adabu kuliko wageni wengi. Nilesh akashuka salama. Nikapumua.

Kisha mpiga picha akatangaza kwamba bibi harusi atamlisha farasi sukari guru kwa mkono wake, kwa ajili ya picha. Farasi hawezi kula akiwa na chuma kinywani, kwa hiyo ilibidi kitoke pale pale, mbele ya watu wote. Na watu wakasogea, simu zimeinuliwa, mduara ukabana mpaka mkia wa Moti ukawa unapiga kofia za kina mama. Mzee Magesa akaona hatari. Alitaka watu watoe nafasi, kwa hiyo akainua fimbo akaita kwa sauti yote aliyobaki nayo:

"Mahari! Jamani, mahari! Hapa hakuna mahari! Tupeni mahari!"

Ngoma za Usagara zikanyamaza. Kwaya ikanyamaza katikati ya aleluya. Shangazi mmoja wa bibi harusi akauliza, "Mahari? Si tuliimaliza mwezi uliopita?" Wa pili akamtazama Moti na ile nguo yake ya dhahabu, akashika mdomo. "Kumbe wanaongeza! Wametuletea farasi!" Vigelegele vikalipuka.

Akatoka Mzee Malimi, baba mdogo wa bibi harusi, mfugaji, mwenye fimbo ndefu na kofia ya sherehe. Akawanyamazisha kwa mkono. "Tunashukuru," akasema. "Lakini mnyama hapokelewi kabla hajatazamwa meno." Akasogea kwa Moti, akamshika kwenye pete ya chuma, pembeni ya mdomo, akavuta chini.

Masikio ya Moti yakalala nyuma. Nikaona shingo inakaza. Bwana Dilip alikuwa hatua tatu kutoka pale, akiwa na suti ya hariri ya rangi ya maziwa. Akataja jina langu, polepole, "Kabula." Na mimi nilijua kwamba nikimsukuma mzee wa watu mbele ya ukoo wake nimeharibu harusi, na nikichelewa Moti atamvunja pua, na Jumatatu atakuwa Buhongwa.

Nikapiga magoti kwenye nyasi, na kitenge changu kipya. "Mwadila, baba."

Sasa ninyi wa Dar hamjui, lakini mzee wa Kisukuma akisalimiwa kwa magoti hawezi kukupuuza, hata nyumba ikiwaka. Akageuza uso. "Mwadila, mayu," akaitikia, yaani mama. Mkono bado uko kwenye chuma.

"Habari za Usagara, baba?"

"Nzuri. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba yangu. Akanitajia wake. Mkono bado uko kwenye chuma, ila umelegea. Nikatafuta kichwani mwangu kitu cha kumfungua vidole, nikakipata.

"Na ng'ombe, baba, hawajambo?"

"Ng'ombe!" akasema Mzee Malimi, akaachia chuma. Hakuna mfugaji anayeeleza ng'ombe wake kwa mkono mmoja. "Nina fahali, mayu, pembe zake zimefika hapa!" Akanyoosha mikono yote miwili, akamgonga mpiga picha.

Nikainuka polepole, nikasimama penye bega la Moti. "Hapa, baba?" nikauliza huku nafungua mkanda wa koo.

"Zaidi! Hapa!"

"Na nundu je?" Mkanda wa pua.

"Nundu usiseme!"

"Rangi yake?" Mkanda wa kidevu. Nikaugusa mara ya pili. Mzee Magesa, aliyekuwa ameelewa, akamshika Mzee Malimi kiwiko na kumsogeza kando, akiomba naye aelezwe rangi.

Nikapitisha mikanda sikio moja, kisha la pili, nikashikilia. Nikaweka kidole gumba kwenye kona. Moti akabana meno. Alikuwa amevutwa mdomo na mgeni, na hakuwa tayari kumwamini mtu yeyote kwa dakika hiyo. Nikasubiri. Watu wakasubiri. Mtu akanong'ona, "Vuta tu, mama." Mwingine, kwa sauti, "Si uvute!" Mpiga picha akasema jua linashuka. Vidole vyangu vikaanza kufa ganzi kwa kushikilia ile mikanda juu, na jasho likaniingia machoni, nikaliacha liingie. Nilikuwa nimewahi kuvuta mara moja maishani.

Akakunja pua. Ulimi ukasogea. Akafungua mdomo mpana, akakitema kile chuma kiganjani mwangu, bila kugusa hata jino moja.

Watu walipiga makofi, lakini kazi ilikuwa haijaisha. Farasi akitolewa chuma huwashwa usoni, hutafuta pa kujisugulia, na humchagua anayemwamini. Moti hakuwa amejisugua kwa binadamu yeyote tangu lile kosa langu. Alijisugulia mlangoni, ukutani, kwenye mti. Sasa akanyoosha shingo, akanipita mimi, akanipita Mzee Magesa, akaenda kwa Bwana Dilip. Akaweka uso wake kifuani pake, na lile povu la kijani la majani, akausugua juu, chini, juu, chini, kutoka kola mpaka tumboni, kwenye hariri yote.

Mke wa Bwana Dilip akaziba macho. Bwana Dilip alisimama wima, mkono mmoja umekimbilia kwenye kidevu. Ukakaa hapo kidogo. Halafu ukashuka, ukapita nyuma ya sikio la Moti, ukaanza kumkuna.

"Kabula," akasema bila kugeuka, "mpigie yule wa Buhongwa. Mwambie atafute punda."

Nikalia pale pale, kwa nguvu, na kina mama wa Usagara wakanipa leso wakidhani nalilia bwana harusi niliyemlea. Wala. Nilikuwa na furaha, sitawadanganya, lakini zaidi nilikuwa na wivu: miaka miwili nimempaka sukari, nimemwomba msamaha kwa kidole gumba kila siku ya Mungu, na siku anayoamua kusamehe anakwenda kujifutia kwa tajiri.